Sifa za Mji Huchelewa

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Mwenyekiti amenialika niseme mji gani wa Marekani ni bora kuliko mingine, kisha akaninong'oneza nisirudie habari za St. Louis. Nimemwahidi nitajaribu. (Kicheko.)

Ugomvi wenyewe mnaujua. Hakuna harusi yetu hapa Ohio inayoisha bila huo. Wa New York anamcheka wa Columbus, wa Columbus anamcheka wa Dayton, na wa Dayton, maskini, anajitetea kwamba kodi ya nyumba yake ni nafuu. Nyumbani ndiyo usiseme. Kijana akipiga simu akasema yuko Los Angeles, mjomba anautangazia mtaa mzima. Akisema yuko Grand Rapids, mjomba anauliza, "Hiyo nayo ni Marekani?" Na huyo wa Grand Rapids pengine ndiye anayelipa ada za watoto wa mjomba.

Sina neno na New York. Neno langu ni kwa watu wanaopanga miji kama msimamo wa ligi, halafu wanahamisha mke na watoto kumfuata aliye kileleni. Nimelisema misibani, nimelisema kwenye vikao vya mahari, na leo nalisema tena: sifa ya mji hutembea nyuma ya maisha. Kazi hufika kwanza, watu huzifuata, wenye mtaji hujenga, na jina huja la mwisho. Kazi zikiondoka, jina halina habari. Linaweza kudumu miaka hamsini. Kwa hiyo anayechagua mji kwa jina anachagua mji uliomfaa babu yake.

Kuna atakayesema hadhi ni ukubwa tu, tuhesabu watu tumalize. Haya, tuhesabu. Sensa ya 2020: Jacksonville, Florida, watu karibu 950,000. Boston, kama 676,000. Nani hapa amemsikia mzazi akijigamba kwamba mwanawe anasoma Jacksonville? San Jose ina zaidi ya milioni moja, San Francisco haifiki laki tisa, na bado mtu wa San Jose akiwa ugenini anasema anatoka upande wa San Francisco. Isitoshe, Jacksonville ilikua mwaka 1968 kwa kuunganishwa na kaunti yake. Mpaka ulichorwa upya, watu wakalala wanakijiji wakaamka wana jiji. Likumbukeni hilo la mipaka, maana ndipo ninapoingilia... ndiyo, St. Louis. Mwenyekiti anisamehe.

Mwaka 1869 watu walikutana St. Louis kudai makao makuu ya nchi yaondolewe Washington, yaletwe bonde la Mississippi. Hawakuwa wendawazimu. Mwandishi mmoja wa magazeti, Logan Reavis, alizunguka akihubiri kwamba huo ndio mji mkuu ujao wa dunia, na watu wazito walimsikiliza. Tazameni ramani. Mto Missouri unaingia Mississippi kaskazini kidogo tu ya mji, na mto Ohio unaingia kusini yake. Nafaka, manyoya, madini ya risasi, vyote vilipita hapo kwa meli za mvuke. Matajiri wa mji waliamini kwamba mto ni wa Mungu, na Mungu hauhamishi.

Chicago je? Mwaka 1837 ilipoitwa jiji ilikuwa na watu kama 4,000 na matope. Lakini 1848, ndani ya mwaka mmoja, ikapata mfereji wa kuliunganisha ziwa na mto Illinois, ikapata treni yake ya kwanza, na wafanyabiashara wa nafaka wakaanzisha soko lao, Board of Trade. Mwaka 1856 reli inayotoka Chicago ikavuka Mississippi pale Rock Island, kwa daraja la kwanza la treni kuwahi kuuvuka mto ule.

Hapa naomba mtulie, hata wenye chai. Daraja lilifunguliwa Aprili. Tarehe 6 Mei meli ya mvuke Effie Afton ilipita kwenye upenyo wa daraja, gurudumu lake moja likasimama, maji yakairudisha ikagonga nguzo. Jiko likapinduka, meli ikashika moto, na moto ukala kipande cha daraja. Inasimuliwa kwamba meli nyingine mtoni zilipiga honi kwa shangwe. Wenye meli wakaenda mahakamani kudai fidia, na wafanyabiashara wa St. Louis wakasimama nyuma yao, maana fidia haikuwa shida yao. Walitaka daraja liondoke. Kesi ilisikilizwa Chicago Septemba 1857, na mmoja wa mawakili wa upande wa daraja alikuwa bwana mrefu kutoka Springfield, Abraham Lincoln.

Lincoln alileta hesabu. Katika miezi kumi na moja, mabehewa ya mizigo 12,586 na abiria 74,179 walikuwa wamevuka. Mto wenyewe, akasema, ulifungwa karibu miezi minne katika mwaka uliopita, kwa sababu ya barafu. Na anayetaka kuvuka mto ana haki sawa na anayetaka kupanda na kushuka nao. Jopo la raia waliokaa kuiamua halikuafikiana, kesi ikaishia hapo, daraja likabaki. Kwangu mimi St. Louis ilishindwa siku ile, miaka 12 kabla ya kuomba iwe makao makuu ya nchi!

Msiniambie wao pia walijenga daraja. Walijenga, mwaka 1874. Wenye pantoni hawakuwa na haraka nalo, riziki yao ilikuwa kuvusha. Na ni daraja zuri, lipo hadi leo. Alilijenga James Eads, aliyetajirika kwa kuopoa mizigo ya meli zilizozama, na zaidi ya wafanyakazi kumi walikufa kwa ugonjwa wa kufanya kazi ndani ya hewa iliyogandamizwa chini ya mto. Lilipokamilika watu wakaogopa kulipanda. Basi tarehe 14 Juni akaletwa tembo wa sarakasi atangulie, kwa imani kwamba tembo hakanyagi pasipo imara. Tembo akavuka, umati ukashangilia. Mwaka uliofuata kampuni ya daraja ikafilisika. Reli zilikuwa zimekwisha kuzoea njia ya Chicago.

Sasa sikieni habari ya sensa. Ya 1870 ilisema St. Louis ina watu 310,864 na Chicago 298,977. Furaha mji mzima. Wanahistoria wengi wanaona kwamba hesabu za St. Louis zilipikwa. Miaka kumi baadaye: Chicago 503,185, St. Louis 350,518. Pengo la namna hiyo hakuna jiko la kulipika.

Na katikati ya hapo, mwaka 1876, wakajifunga miguu wenyewe. Watu wa mjini walichoka kubeba kodi za kaunti, wakajitenga nayo, wakachora mpaka wa jiji na kuusimika. Vitongoji vyote vilivyoota baadaye vikaota nje ya mpaka, na kodi zake huko huko. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu 856,796. Mwaka 2020, 301,578. Ukihesabu na vitongoji vyake unapata zaidi ya milioni mbili, ila hao wana mameya wao, shule zao na polisi wao.

Lakini dunia iliijua St. Louis lini? Mwaka 1904! Maonyesho makubwa ya dunia, na Olimpiki juu yake, Olimpiki ambazo Chicago ilikuwa imepewa zikahamishwa. Mwaka ule St. Louis ilikuwa ya nne kwa ukubwa nchini, imepambwa taa za umeme, wageni wanamiminika. Mjomba angekuwepo 1904 angekuambia uhamie wapi?

Naona mkono wa New York umenyooka. Najua utakalosema: New York ni ya kwanza tangu sensa ya 1790 na haijashuka. Kweli. Ila usidhani imekaa kwa kazi ileile. Mwaka 1790 serikali ya nchi iliihama ikaenda Philadelphia. Mwaka 1825 ukafunguliwa mfereji wa Erie, kilomita zaidi ya 580, na biashara ya maziwa makuu ikateremkia bandari yake. Sawa. Aprili 1956 meli ya kwanza ya makontena, Ideal X, ilibeba makontena 58 kwenda Houston, na ilipakia Newark, New Jersey, ng'ambo ya pili. Bandari ikafuata huko, magati ya Manhattan, katikati ya New York, yakabaki na panya. Mwaka 1975 jiji lilikuwa hatua chache kutoka kufilisika. Lililoiokoa New York ni kwamba benki, magazeti na wahamiaji walikuwa hawajaondoka. Wahamiaji, nasisitiza, ambao wengi wao hawakuishi kwenye mitaa ya kwenye picha.

Na siku hizi wengi wanahama kwenda majimbo mengine. Viti vya bunge hugawanywa kwa idadi ya watu, na baada ya sensa ya 2020 jimbo la New York lilipoteza kiti kimoja kwa upungufu wa watu 89. Themanini na tisa! Harusi moja ya Wakongomani wa Louisville ina watu zaidi ya hao. California nayo ikapoteza kiti kwa mara ya kwanza katika historia yake. Texas ikaongeza viwili.

Mtasema nang'ang'ania ya karne ya 19. Basi ya juzi. Boeing ilihamisha makao makuu kutoka Seattle kwenda Chicago 2001, Chicago ikapiga vigelegele. 2022 wakatangaza wanahamia Arlington, Virginia, ubavuni mwa Washington. Mwaka 2017 Amazon ilisema inatafuta mji wa makao yake ya pili, na maombi 238 yakamiminika, miji mizima ikijipendekeza. Ikachagua nani? New York na Arlington, yaani palepale penye majina. Miezi michache baadaye, Februari 2019, ikajitoa New York baada ya wenyeji kupinga msamaha wa kodi. Huyo aliyekwisha kutafuta nyumba Queens, huko huko New York, kwa ajili ya ajira hizo, mimi simtaji.

Saa imenikimbia, nitapita haraka. Detroit: watu 1,849,568 mwaka 1950, 639,111 mwaka 2020, kufilisika 2013, viwanda vilianza kuhamia nje ya jiji watu wakiwa bado wanaimba sifa zake. Cleveland ilikuwa ya tano nchini mwaka 1920, leo Columbus yetu hii isiyoimbwa na mtu inaizidi zaidi ya mara mbili. Houston na Dallas: kodi ya mapato ya jimbo hakuna, na Wakenya mnazijua kuliko mimi, ila kodi ya majengo Texas ni kali na hawaitaji kwenye simu. Phoenix imeipita Philadelphia na kuwa ya tano. Mwaka 2023 joto lake lilifika nyuzi 43 na zaidi siku 31 mfululizo. Anayekwenda kufuata nyumba kubwa kule aombe kwanza kuonyeshwa bili ya umeme ya Julai. Ya Miami niulizeni kwenye maswali, bima ya nyumba peke yake itatula nusu saa.