Mwenye wekundu kooni anarudi majini

Haya, nyuma mnanisikia? Vizuri. Wengine mmeshanisikia nikiyasema haya mara tatu nne, kwenye harusi, kwenye msiba, hata pale parking ya duka la muhogo, na leo nayasema tena kwa sababu mzee mmoja wa hapa hapa Salt Lake karudi toka Strawberry, lile bwawa letu la kuvua hapa Utah, na faini mkononi. Leseni alikuwa nayo. Samaki alikuwa nao watatu na ruhusa ni wanne. Ila mmoja kati ya wale watatu alikuwa kathroti, yule trauti wa maji baridi mwenye wekundu kooni, wa inchi 17, basi. Mzee akaniambia, mwanangu, kwetu Uvira ukileta samaki mchanga ndio unagombezwa, huku nagombezwa kwa kuleta aliyekomaa?

Sheria yenyewe wengi mnaijua, mnaitaja kama namba ya simu: samaki wanne kwa siku, trauti na kokani, yaani samoni wa bwawani, ukiwajumlisha, na kwa kathroti wasizidi wawili walio chini ya inchi 15, asizidi mmoja aliye juu ya inchi 22, na wote wa katikati, kuanzia 15 mpaka 22, wanarudi majini hapo hapo. Namba mnazo, sababu hamna. Na mtu asiye na sababu, askari wa wanyamapori akipita tu, samaki anaingia chini ya soda kwenye kasha la barafu. Msinitazame hivyo, nimeona kwa macho yangu.

Sasa sababu. Nani hapa anaujua utupa? Mikono juu. Ehe, Kigoma, Uvira, Fizi, mnaona, nusu ya ukumbi. Utupa unautwanga majani, unatia kwenye maji yaliyotulia, baada ya muda samaki wanaanza kuelea tumbo juu. Wazee walikuwa nao, leo ni marufuku na ni haki iwe marufuku. Ile sumu ya ndani ya utupa inaitwa rotenoni, inamfanya samaki ashindwe kuitumia hewa hata kama imejaa kwenye maji. Basi mwaka 1990 jimbo la Utah lilimwaga rotenoni Strawberry. Rotenoni ile ile, ya mizizi ya mimea mingine, na sio kwenye kona moja ya maji, ni bwawa zima, kubwa vile mnavyoliona, pamoja na mito inayoingia. Hadi wakati huo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote za aina yake.

Najua mnachowaza. Kwamba sisi tukitumia utupa ni wahalifu na wao wakitumia ni wataalamu. Hapana, nisikilizeni. Hawakuwa wanavua. Lile bwawa lilikuwa limekufa tayari japo limejaa samaki! Lilikuwa limejaa chabu na saka, samaki wa miiba miiba ambao hamna mtu anawatafuta, wanazaana kwa fujo, na wanakula vile vidudu vidogo vya majini ambavyo ndio chakula cha trauti wachanga na cha kokani maisha yao yote. Trauti anatotolewa kwenye kituo, anakuja na gari, anamwagwa majini, anakuta meza imeshafutwa. Na sio mara ya kwanza, maana mwaka 1961 walishaweka sumu hiyo hiyo, chabu wakapungua, miaka ikapita, wakarudi. Sasa fikiria wewe ndio mwenye bwawa, umeshaua kila kitu mara mbili ndani ya miaka 30, utaua tena mara ya tatu?

Ndipo wakafanya jambo la akili. Wakaleta kathroti wa asili ya ziwa Bear, lile la mpakani mwa Utah na Idaho. Kwa nini huyo? Kwa sababu kwao ameishi na chabu tangu enzi na enzi, na akishakua anawala. Akiwa mdogo anakula vidudu kama wenzake, ila akifika ukubwa fulani anageuka, anaanza kula samaki. Yaani yule wa inchi 17 aliyekuwa kwenye kasha la mzee wetu ndio kwanza kaanza kazi! Umemtoa kazini siku aliyoajiriwa. Yule wa katikati ndiye anakaa na chabu mdomoni mwaka mzima ili renibo, yule trauti mwingine, na kokani wapate kula, ili wewe Jumamosi upate kitu cha kupeleka nyumbani. Bila yeye tunarudi kwenye pipa la rotenoni. Kwa hiyo mzee hakupigwa faini kwa sababu samaki wake ni mkubwa, kapigwa kwa sababu kamchukua askari wa bwawa.

Na msiniambie hizi ni habari za Wazungu, nimechoka na hilo neno. Ziwa Tanganyika mwaka 2024 lilifungwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mgebuka na dagaa wapumzike wazaane. Ndugu zenu kule walikaa miezi mitatu bila kutia nyavu na hiyo ndio kazi yao, ndio ada za watoto. Wewe mwenye ajira na unavua wikiendi unashindwa kuachia samaki mmoja?

Kuna mwingine atasema nikimrudisha anakufa tu, si bora nimle. Anakufa ukimshika vibaya. Lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamvua ule ute wake na ute ndio ngozi inayomkinga. Ndoano akiimeza mpaka ndani usimchokonoe, kata mshipi. Usimlaze kwenye mchanga, na wakati wa barafu usimweke juu ya theluji upige picha, matamvua na macho yanaganda pale pale. Mshike ndani ya maji, fungua ndoano, muache aende.

Kumtambua ni rahisi, hata mtoto anaweza. Kathroti ana mistari miwili ya rangi nyekundu au ya chungwa chini ya taya, kama aliyechinjwa. Inua kidevu utazame, basi. Renibo hana hiyo, ana mkanda wa pinki ubavuni, Wakenya mliokulia Nyeri mnamjua huyo, ndio anayefugwa Kiganjo. Kokani ni samoni asiyeenda baharini, ni wa fedha, mkia umegawanyika sana, mgongoni karibu hana madoa, na ikifika vuli anakuwa mwekundu kichwa kijani, dume linapinda mdomo, anataga halafu anakufa. Mkimkuta amekufa mtoni Septemba msiseme maji yana sumu.

Kula huyo sasa! Kokani nyama yake nyekundu, ina mafuta, weka ndimu, nyanya, bizari kidogo, ugali au fufu pembeni, hutamkumbuka kathroti tena. Shida ni kwamba kiangazi maji ya juu yakipata joto kokani anashuka chini sana kutafuta baridi, kwa hiyo ukikaa ukingoni na mnyoo utavua trauti tu, kokani anataka boti na kifaa cha kushusha mshipi. Hilo tulitengee siku yake.

Akina mama mnaosafisha samaki pale pale ukingoni, tafadhali. Toa matumbo, hewala. Ila kichwa na mkia visikatwe na msitoe minofu mpaka mfike nyumbani, kwa sababu askari lazima aweze kumpima na kujua ni nani. Kichwa si tunakipika pia, mnakikatia nini?

Naona muda unaniishia kwa hiyo haya mengine haraka. Kuanzia miaka 12 leseni. Samaki hai kama chambo ni marufuku, na hamna haja ya kuuliza kwa nini baada ya habari ya chabu. Pale ni juu, kama mita 2,300, mtu wa presha apande taratibu, na mchana kiangazi upepo na radi vinakuja ghafla, mwenye boti ndogo arudi mapema na boya avae, sio alikalie. Barafu iwe inchi 4 za barafu safi ngumu ndio unakanyaga kwa miguu, na mashimo uyatoboe ukipima unavyokwenda. Kijitabu cha sheria ni cha kila mwaka, someni cha mwaka huu, sio maneno yangu.

Rula nimeleta, zipo kwenye boksi pale mlangoni, nimezipiga mstari mwekundu kwenye 15 na kwenye 22. Kila familia moja, msibebe mbili mbili. Wanaokuja Jumamosi tunaondoka saa kumi alfajiri, tunapita Heber, na mzee wetu wa inchi 17 anakuja, yeye ndio atakaa na rula. Mama pale nyuma, ulinyoosha mkono, uliza.