Mashimo meusi na miale ya gama: mhadhara nilioutoa Kigoma

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Najua wengine mmetoka Ujiji na Kibirizi na jua hili, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Shimo jeusi ni kitu chenye mvuto mkali mpaka hata mwanga hauchomoki, kwa hiyo lenyewe halitoi mwanga, ila yale makubwa kabisa yanayokaa katikati ya galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, yamezungukwa na gesi inayozunguka kwa kasi mpaka inachemka vibaya mno, na nyingine haimezwi, inarushwa nje kwenye mkondo mwembamba unaokimbia karibu na kasi ya mwanga, na humo ndo inatoka miale ya gama, yaani mwanga wenye nguvu kupita wote, usioonekana kwa macho. Huku chini haifiki, angahewa inatukinga. Ila mwale mkali ukigonga hewa kule juu unazaa chembe nyingi sana, chembe zinatoa mwanga wa bluu hafifu, unapita hata kope hujapepesa, na huo ndo unanaswa na darubini za H.E.S.S. pale Namibia. Ziko tano, ile kubwa kioo chake kina upana wa mita 28. Wavuvi wetu wa dagaa watanielewa haraka, mbalamwezi ikiwa kali ziwani hakuendeki, na wale jamaa nao kwa kawaida wanasubiri giza.

Sasa sikieni hii. Julai 2006 galaksi inayoitwa PKS 2155-304 ilichachamaa, miale ikawa inapanda na kushuka ndani ya dakika kama tatu tu. Kitu hakiwezi kuwaka na kufifia chote haraka kuliko muda ambao mwanga unakikatiza, na kwa dakika tatu mwanga unaenda kilomita milioni 54 hivi, wakati shimo kama la huko, lenye uzito wa majua bilioni 1, toka katikati hadi ukingoni ni kilomita bilioni 3! Inakuwaje sasa? Ule mkondo unakuja upande wetu, tena mbio mno, kwa hiyo ya masaa kule yanatufikia yamebanwa kuwa dakika. Na hata hivyo wataalamu ilibidi wapandishe kasi ya mkondo kuliko walivyozoea kwenye mahesabu yao. Mimi hapo huwa nasisimka kabisa, dakika tatu zimetuambia yote hayo, na zimepimwa hapahapa Afrika.

Shimo la galaksi yetu, linaloitwa Sagittarius A*, lina uzito wa majua milioni 4 na limetulia. Ila mwaka 2010 data za setilaiti ya Fermi zilionyesha mapovu mawili ya miale ya gama, moja juu moja chini ya galaksi yetu, kila moja miaka ya nuru 25,000, yaani mwanga unalikatiza kwa miaka 25,000. Wapo wanaosema ni nyota zilizolipuka kwa wingi, mimi naegemea kwamba shimo letu liliwahi kuchafuka.

Haya, maswali. Mzee wangu hapo mbele, karibu.