Nani hasa alitawala Ujerumani ya Hitler?

Walimu wenzangu, wazee wetu, ndugu zangu wa Lindi, shikamooni na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie udikteta. Nitakaa Ujerumani, 1933 hadi 1945, kwa sababu huko wanahistoria wamevutana kwelikweli. Wapo wasemao kila jambo kubwa lilitoka kichwani mwa Hitler. Wengine, akiwamo Hans Mommsen, walimwita dikteta dhaifu: hakupenda makaratasi, baraza lake la mawaziri lilikutana mara ya mwisho Februari 1938, na wakubwa waliokuwa chini yake walinyang'anyana madaraka.

Udhaifu huo mimi siuoni. Mtu ambaye matakwa yake yanatekelezwa hata asipoitisha kikao ana nguvu za kutisha. Mwanahistoria Ian Kershaw aliupata ufunguo wa jambo hili katika hotuba ya Februari 1934 ya Werner Willikens, ofisa wa kilimo wa Prussia, jimbo kubwa la Ujerumani. Willikens alisema watu wasikae wakingoja amri; kila mmoja ana wajibu wa kutenda vile ambavyo kiongozi angependa. Basi wakashindana kumpendeza, na kila aliyetaka cheo akazidisha ukali.

Sasa tushuke hadi Würzburg, mji mmoja wa Ujerumani. Vita vilipokaribia kwisha, Gestapo, yaani polisi wa siri, waliteketeza majalada yao karibu kila mji. Ya Würzburg yalisalia mengi, na mwanahistoria Robert Gellately akakaa nayo akiyasoma. Alikuta maofisa wasiofika 30, na eneo lao lina watu zaidi ya 800,000! Wangejuaje nani kalala kwa nani, nani kanunua dukani kwa Myahudi? Waliambiwa. Katika kesi za urafiki au mapenzi na Wayahudi, zaidi ya nusu zilianza kwa raia kumchongea raia mwenzake, na mara nyingi nyuma yake kulikuwa na wivu au ugomvi wa majirani.

Sisi watu wa kusini tunalifahamu hili kwa namna yetu. Enzi za ukoloni, Wajerumani wa bomani walikuwa wachache. Kodi na pamba vilisimamiwa na maakida na majumbe, watawala wadogo waliowatumikia. Julai 1905, watu wa Nandete, kule Umatumbi, walipoing'oa pamba, akida wa Kibata alikuwa miongoni mwa waliolengwa mwanzo kabisa.

Lakini tusiende mbio. Mwanahistoria Eric Johnson alisoma majalada ya Gestapo ya mji wa Krefeld, akaonyesha kwamba kwa wakomunisti polisi hawakusubiri mchongezi. Waliwasaka wenyewe, wakawatesa, wakawapeleka kambini. Hapa namuunga mkono kwa dhati. Tukisema jamii nzima ilijipeleleza yenyewe, tunampunguzia mzigo ofisa aliyetesa, na tunawachanganya watu ambao hawakutendewa sawa. Mjerumani wa kawaida aliyeshtakiwa kwa kumtania Hitler mara nyingi alionywa akarudi kwake. Myahudi aliyefikishwa ofisi ileile, kwa kosa dogo kuliko hilo, angeweza kuishia kambini.

Karibuni maswali.