Sauti ya Tracy Hitchings katikati ya vinanda

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1991 Tracy Hitchings alitoa albamu yake binafsi, From Ignorance to Ecstasy. Alikuwa ameshaimba na bendi ya Quasar, na baadaye akawa sauti ya bendi ya Landmarq. Rock ya Uingereza aliyoiimba, nio-progresivu, yaani rock ya nyimbo ndefu zenye vinanda vingi, ilishika kasi bendi ya Marillion ilipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1983, na vipaza sauti karibu vyote vilishikwa na wanaume: Marillion, IQ, Pendragon, Pallas. Kwenye albamu hii Hitchings alishirikiana na Clive Nolan, mpiga vinanda wa Pendragon. Mwanamke anaimba juu ya vinanda vizito: hapo ndipo kazi ilipo.

Chukueni gitaa. Uzi wake mwembamba ukipigwa wazi unatoa hezi 330 (mitetemo kwa sekunde), ukibanwa kwenye freti ya 12, kijichuma cha kumi na mbili shingoni, unatoa 659. Mwimbaji wa kike mwenye sauti ya kati huimba noti zake nyingi humohumo. Mwanaume hupita chini ya gitaa la solo. Mwanamke anakutana nalo uso kwa uso, na nyuma yake kuna kinanda kinachovuta kodi ndefu, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Fundi asiyeliona hili hupandisha sauti ya mwimbaji kwenye miksi, kisha anaongeza nguvu ya masafa ya hezi 3,000 ili maneno yasikike. Matokeo yake ni ukali unaochosha sikio kabla ubeti wa pili haujaisha. Kosa halikuwa kwenye mashine, lilikuwa kwenye mpangilio. Mpiga kinanda ashushe mkono wa kulia oktavu moja, yaani hatua 12 za kinanda, mwimbaji anapoingia, na gitaa lingoje mstari uishe ndipo lijibu.

Ki, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, nayo ina mtego. Wimbo uliotungiwa mwanaume ukiupandisha oktavu nzima, kiitikio kinageuka mayowe. Kwa kawaida nusutoni 5 hadi 7 zinatosha, nusutoni moja ikiwa ni hatua ya freti moja. Lakini tazameni: wimbo wa ki ya E ukipanda nusutoni 6 unakuwa wa B-flati, na nyuzi tatu kati ya sita, yaani E zote mbili na B, hazifai tena kupigwa wazi. Gitaa linapoteza mlio wake wa kengele. Ni heri ki ichaguliwe pamoja na mwimbaji kabla ya kurekodi chochote.

Halafu urefu. Utepe wa inchi 2 wenye treki 24 (njia 24 za kurekodi), uliotumika sana kwenye studio za miaka ile, ulikuwa na futi 2,500. Kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde unaisha baada ya dakika 16 na sekunde 40. Wimbo wa dakika 12 ukishaingia, hakuna nafasi ya kuurudia mzima kwenye utepe uleule, kwa hiyo sauti huingizwa vipande vipande. Kiungo hufanywa kwenye pumzi iliyo kabla ya neno, si kwenye neno lenyewe. Pumzi iliyokatwa husikika kama mtu aliyekabwa. Na mwimbaji asimame sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kipaza sauti, alama ya miguu ikiwa imebandikwa sakafuni. Akisogea nyuma sentimita 10 tu siku ya pili, besi ya sauti inapungua na kiungo kinajianika.

Mwangwi nao hukosewa sana kwenye mapigo ya 7/8, yaani mapigo saba mafupi katika kila baa, kipimo kimoja cha wimbo. Kwa kasi ya mapigo marefu 120 kwa dakika, kila pigo fupi, nusu ya lile refu, ni milisekunde 250, baa nzima 1,750. Mwangwi wa 500 unaokaa vizuri kwenye 4/4, yaani mapigo manne marefu kwa baa, hapa unavuka mstari wa baa na kuangukia pigo la pili la baa inayofuata, na maneno yanavurugana. Weka 250, na marudio machache.

Mkimaliza kupanga, zimeni treki ya mwimbaji na msikilize ubeti bila yeye. Vinanda vikisikika vimejaa, bado hamjampa nafasi. Vikisikika vinapwaya kidogo katikati, rudisheni sauti yake.