Siri Inayofunga Mlango wa Mahakama

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi wa sheria mliokubali kujifungia ndani Jumamosi yote: shukrani. Nimeombwa nizungumzie vita dhidi ya ugaidi na uwajibikaji wa serikali. Mada hiyo ni pana kuliko saa niliyopewa, kwa hiyo nitashika kesi ya mtu mmoja, tena wa mwambao huu huu.

Suleiman Abdullah Salim ni mvuvi kutoka Mji Mkongwe, Unguja. Machi 2003 alikuwa Mogadishu akitafuta riziki. Watu wa mbabe mmoja wa kivita walimkamata, wakampiga, akapakiwa ndege hadi Nairobi. Nairobi alihojiwa, kisha akarejeshwa Somalia, akapitishwa Djibouti, akafikishwa Afghanistan kwenye gereza la siri la Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, linalojulikana kwa jina la COBALT. Wafungwa walikuwa na jina lao: Giza. Humo mlikuwa na muziki wa kupasua masikio, usiku na mchana, na minyororo ukutani. Mtu alilazwa uchi juu ya turubai, akamwagiwa maji baridi kama barafu, kisha turubai likakunjwa naye yumo ndani.

Miaka mitano baadaye, Agosti 2008, aliachiwa kutoka Bagram, kambi ya jeshi la Marekani nchini Afghanistan, akiwa na karatasi mkononi. Inasema kwamba imebainika mtu huyu si tishio kwa majeshi ya Marekani wala kwa maslahi yake nchini Afghanistan. Nyinyi ni watu wa sheria, isomeni kama watu wa sheria. Aliyekamatwa Somalia anapewa cheti cha kutokuwa na madhara katika nchi ambayo hakuwahi kwenda kwa miguu yake. Alipelekwa humo amefungwa macho. Haisemi alishikiwa nini. Pole nayo haimo.

Sasa, mtu huyu amshtaki nani, na wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa: hapana pa kushtaki. Mahakama za Marekani zina kanuni inayoiruhusu serikali kusema kwamba ushahidi fulani ni siri ya dola, na mara nyingine kesi nzima ikafutwa kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Chimbuko lake linafaa kujulikana. Oktoba 1948 ndege ya jeshi aina ya B-29 ilianguka Waycross, jimbo la Georgia. Wajane wa raia watatu waliokuwemo walifungua kesi, wakaomba ripoti ya uchunguzi. Jeshi la Anga likakataa: ndani mna siri za usalama wa taifa. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilikubaliana na serikali bila majaji wenyewe kuifungua ripoti hiyo kuisoma. Naomba mlishike hilo. Karibu miaka 50 baadaye ripoti ilipoondolewa muhuri wa siri, binti wa mmoja wa marehemu aliipata kwenye intaneti, akasoma habari za injini iliyoshika moto na ndege iliyokuwa haijafanyiwa matengenezo yaliyotakiwa. Siri ya kutisha dola hakuiona. Alichoona ni uzembe.

Na kanuni iliyosimama juu ya ripoti hiyo ndiyo iliyomrudisha nyumbani mikono mitupu Khaled El-Masri, Mjerumani aliyekamatwa Macedonia kwa kufananishwa na mtu mwingine, akapelekwa Afghanistan na CIA. Kesi yake Marekani ilifutwa kwa sababu ya siri za dola. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa haki mwaka 2012, lakini dhidi ya Macedonia. Aliyeamuru hakuguswa, aliyefungua geti ndiye aliyelipa. Mtaona kwa nini nalisema hili hapa Mombasa.

Kilichombadilishia mvuvi wetu mambo ni karatasi nyingine. Kamati ya Ujasusi ya Seneti, chini ya Seneta Dianne Feinstein, ilikaa miaka ikipitia nyaraka za CIA zenyewe, zaidi ya kurasa milioni sita. Ripoti ilizidi kurasa 6,700. Desemba 2014 umma ulipewa muhtasari wa kurasa 500 na ushei. Nyingine zimefungiwa hadi leo. Lakini muhtasari huo ulitosha. Ulitaja watu 119 waliopitia mikononi mwa CIA, 26 kati yao wakiwa hawakustahili kushikwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. Ulieleza pia kwamba kampuni ya wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen, waliozibuni mbinu hizo za mateso, ililipwa dola milioni 81. Na jina la Suleiman limo katika orodha.

Oktoba 2015 yeye, Mlibya Mohamed Ben Soud, na familia ya Gul Rahman, Mwafghani aliyekufa kwa baridi ndani ya Giza Novemba 2002, waliwashtaki wanasaikolojia hao huko Spokane, jimbo la Washington. Safari hii serikali haikuomba kesi ifutwe. Ilizuia mashahidi na nyaraka kadhaa, basi. Ingeombaje, na habari ziko madukani zimechapishwa? Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa mbele ya wananchi wa jopo, wadaiwa walisuluhisha. Masharti ya suluhu, mtacheka, ni siri.

Wapo watakaosema huo ni ushindi mdogo, kwani hakuna aliyefungwa. Ni kweli. Kanda 92 za video za mahojiano ya CIA ziliharibiwa mwaka 2005 na hakuna aliyeshtakiwa. Katika mkasa huu wote afisa wa CIA aliyeonja jela ni John Kiriakou, aliyezungumza hadharani kuhusu mateso kisha akatiwa hatiani kwa kumtajia mwandishi jina la mwenzake. Hata hivyo mimi nauita ushindi, kwa sababu unaonyesha mlango ulikuwa umefungwa na nini.

Mtaniuliza: na wahanga wa mabomu ya balozi za Marekani, 7 Agosti 1998? Hapa Kenya walikufa watu zaidi ya 200, Dar es Salaam 11. Je, hawakustahili serikali itumie kila njia? Swali la haki, na jibu lake liko New York. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishitakiwa huko mwaka 2010 kwa mashambulizi hayo. Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi wa kudai kwamba ndiye aliyemuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi, kwa kuwa serikali ilimjua kupitia maneno yaliyomtoka Ghailani kwa shuruti akiwa kwenye magereza ya siri. Katika makosa zaidi ya 280 alitiwa hatiani kwa moja. Kifungo cha maisha alipata, sawa. Lakini katika kesi hiyo familia za Nairobi na Dar hazikusikia hukumu ya mauaji hata ya mtu mmoja. Utesaji uliwanyang'anya hiyo.

Nimalizie hapa nyumbani. Nairobi katika kesi ya Spokane ni kituo cha njiani tu, haikuwa mdaiwa. Februari 2007 Mkenya Mohammed Abdulmalik alikamatwa mji huu huu wa Mombasa, akakabidhiwa Wamarekani, akakaa gereza lao la Guantánamo bila kufunguliwa shtaka hadi Desemba 2024. Nani alitia saini? Ndege ilipewa kibali na ofisi gani? Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na tuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 6, inaruhusu ofisi kukunyima kwa hoja ya usalama wa taifa. Najua ndilo jibu la kwanza mtakalopewa. Andikeni barua hivyo hivyo, na mkinyimwa, pelekeni malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, kisha mahakamani, na ombi lenu la kwanza kwa jaji liwe kwamba azifungue nyaraka azisome mwenyewe.

Maswali sasa. Tuanze na dada pale nyuma.