Yesu Alikuwepo au Alitungwa?

Mhadhara uliotolewa Moshi mjini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Swali nililopewa linazunguka sana kwenye simu za vijana wetu: Yesu wa Nazareti alikuwa mtu kweli, au ni ngano iliyokuja kuvikwa mwili? Nitajibu mapema ili anayewahi gari la Marangu asiondoke bila kitu. Alikuwepo. Wanahistoria karibu wote wanakubali hivyo, wakiwamo wasioamini Mungu yeyote. Linalobaki ni kueleza wamejuaje, na jibu hilo linaishia wapi.

Wanaokataa hawakuanza jana. Mjerumani Bruno Bauer alikwisha kulitia shaka jambo hili katika karne ya 19, na mwaka 1909 Arthur Drews akatoa kitabu kizima akidai Kristo ni kisasili. Hoja yao kubwa ni ukimya: mbona hatuna Mrumi aliyemwandika akiwa hai?

Basi tumchukue Horombo wa Keni, mangi (chifu) wa zamani wa Rombo. Kila mpagazi wa mlimani amelala kwenye vibanda vyenye jina lake. Mmisionari Rebmann alipofika Uchaggani mwaka 1848, Horombo alikwisha kufa, na hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Tunamjua kwa masimulizi ya wazee, yaliyokuja kuandikwa baadaye, na chumvi imo. Sijasikia Mrombo akisema mangi huyo alitungwa. Fundi wa kijijini Galilaya angeandikwa na nani? Pilato mwenyewe, aliyetawala Uyahudi kama miaka kumi, tulimjua kwa vitabu tu hadi mwaka 1961, lilipopatikana Kaisaria jiwe lililochongwa jina lake.

Sasa ushahidi wenyewe. Wa kwanza ni Paulo, si Injili. Aliandika miaka ya 50, na katika Wagalatia anasema alipanda Yerusalemu akakaa na Kefa, yaani Petro, akamwona pia Yakobo, ndugu yake Bwana. Baadaye anamkemea Kefa hadharani kule Antiokia, kwa habari ya nani ale na nani. Mtu wa kubuni hana ndugu wa kuonana naye mjini. Mwanahistoria Myahudi Josephus, akiandika mnamo mwaka 93, anasimulia kupigwa mawe kwa Yakobo huyohuyo, "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo". Josephus ana kifungu kingine kirefu kinachomsifu Yesu, nacho kimeguswa na wanakili Wakristo. Ukitumiwa hicho peke yake kama hoja, kiweke pembeni. Kisha Tacitus, mwanahistoria Mrumi, mnamo mwaka 116, anaeleza kwamba Kristo aliuawa na Pilato zama za Kaisari Tiberio. Huyu aliwachukia Wakristo. Hakuwa na sababu ya kuwapamba.

Mimi linalonishika zaidi ni aibu. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Myahudi wa karne ile anayetaka kutunga Masihi atamtunga mshindi. Hatamtunga mtu aliyetundikwa uchi na Warumi, tena aliyebatizwa na Yohana kana kwamba Yohana ndiye mkubwa. Haya waliyasimulia kwa sababu yalijulikana, wakabaki na kazi ya kuyaeleza.

Msidhani kila mwasisi wa dini anapita mtihani huu. Laozi wa China, anayehesabiwa mwasisi wa Utao, ana hali ngumu: Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa China aliyeandika wasifu wake karibu mwaka 100 kabla ya Kristo, alitaja watu zaidi ya mmoja ambao huenda ndiye, akashindwa kuamua.

Ndugu Wakristo, msishangilie sana. Nilichowapa ni mhubiri Myahudi aliyebatizwa, akakusanya wafuasi, akasulubiwa. Kufufuka sikuwapa, kwa maana zana zangu za historia hazifiki huko, na anayesema historia imekanusha ufufuo naye anazitumia visivyo.

Na ndugu zangu Waislamu, Qur'ani haina shaka kwamba Isa alikuwepo. Hapo tuko pamoja. Lakini aya ya 157 ya Surat An-Nisaa inakana kwamba walimuua au kumsulubu, na mwanahistoria anauhesabu msalaba miongoni mwa mambo aliyo na hakika nayo kuliko yote. Sitawaficha kwamba hapa tunaachana, wala sina maneno laini ya kuliziba pengo hilo.

Muda wa maswali umefika. Shehe ameinua mkono tangu nilipomtaja Tacitus. Karibu, shehe, chukua kipaza sauti.