Kabla ya kulipia chumba Unguja, uliza maji kwanza

DENIS: Karibuni tena jamani, leo tuko wawili tu hapa, mi Denis na dada Zuhura, na leo naomba nianze mimi maana kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana.

ZUHURA: Haya anza, naona umekuja na daftari kabisa.

DENIS: Mama yangu anakaa Mafinga si unajua, ana miaka 67 na hajawahi kuoga bahari maisha yake yote. Nikamwambia mama njoo Dar nikupeleke Unguja. Ijumaa akafika, Jumamosi asubuhi tukapanda boti, kama masaa mawili hivi tuko bandarini, tukazunguka Mji Mkongwe, tukala urojo, akataka kuliona soko la Darajani, akataka anunue karafuu za kupeleka nyumbani, basi mpaka tunapata gari ya kwenda Paje jua ndo linazama. Tumefika usiku. Nikamwambia mama tulale, kesho bahari yote yako. Asubuhi tumefungua mlango, Zuhura, maji hakuna!

ZUHURA: Yamekupwa.

DENIS: Yamekupwa mpaka kule, mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, mawimbi unayaona kama mstari mweupe huko mbali kwenye mwamba. Mama kanitazama kaniuliza, "Baba, bahari yenyewe iko wapi?" Na saa sita ilibidi tuondoke tuwahi boti ya kurudi. Iliniuma sana, maana yule sio mtu wa kusema njoo tena wiki ijayo.

ZUHURA: Pole kaka. Ilikuwa tarehe ngapi?

DENIS: Agosti, Agosti katikati nadhani...

ZUHURA: Siulizi hiyo, nauliza tarehe ya mwezi. Mwezi wa juu. Ulikuwaje usiku ule?

DENIS: Aah, tulivokuwa njiani ulikuwa umetoka mkubwa, mviringo kabisa, mama akausifia.

ZUHURA: Basi mlienda bamvua lenyewe. Skiza, hili bibi yangu wa Jambiani alikuwa anaangalia kalenda ya Kiislamu tu ukutani anakwambia maji yatakuwaje. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1, 2, 3 na tena 15, 16, 17, hilo ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Na huku kwetu siku za bamvua maji yanakuwa chini kabisa kwenye saa nne saa tano asubuhi, afu yanajaa saa kumi, kumi na moja jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa ukifika tarehe 8, 9, 10 au 22, 23, 24 hayo ni maji mafu, hayaendi mbali, na mchana saa nne mpaka saa sita ndo yamejaa. Mzee anaoga asubuhi baada ya chai, jua halijawa kali, bahari imetulia mlangoni.

DENIS: Yaani mi nilikaa wiki mbili nalinganisha bei za vyumba, picha za bwawa la kuogelea, sijui kifungua kinywa, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia habari ya maji.

ZUHURA: Hawakwambii, na picha zote zinapigwa maji yakiwa yamejaa. Mi ndo maana nasema kabla hujalipia chumba pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, Michamvi, uliza maji kwanza. Piga simu ile hoteli waulize Jumapili maji yanajaa saa ngapi, kuna vijana wa mapokezi wanajua vizuri tu. Au angalia jedwali la maji kwenye simu, andika Zanzibar afu tarehe. Na kama una siku moja tu na tarehe huwezi kubadilisha, nenda kaskazini, Nungwi au Kendwa, kule maji hayakimbii mbali hivo, unaoga karibu saa zote. Daladala ya Nungwi ni namba 116 kama unabana matumizi, ila na mzee chukua teksi, mkubaliane bei kabla hajaweka begi kwenye buti.

DENIS: Lakini ngoja niseme na hili, ile asubuhi haikupotea yote. Mama alikaa pale kizingitini kama robo saa kimya, afu akawaona wakina mama wanaelekea kule majini na vijiti na kamba, akavua kandambili, akajifunga khanga vizuri, akawafuata. Mi nikabaki namwangalia anakuwa mdogo mdogo. Kakaa nao karibu masaa mawili.

ZUHURA: Walikuwa wanaenda kwenye mwani, yale majani ya baharini. Bamvua ndo siku zao, maji yakitoka hivo ndo wanafika mashambani. Hapo Paje na Jambiani walianza kulima mwani mwaka 1989, nami nimesoma kwa hela hiyo, mama mdogo wangu ndo alikuwa analipa ada.

DENIS: Alirudi na kipande cha mwani kwenye mfuko, mpaka leo kiko Mafinga kwenye kabati la vyombo. Na wao ndo walimwambia leo bamvua mama, ungekuja juzi juzi wiki iliyopita.

ZUHURA: Umeona. Kwa iyo na wewe msikilizaji ukikuta yametoka usijifungie chumbani, toka utembee, ila vaa raba au viatu vya maji maana kuna vile viumbe vyeusi vya miba mirefu kwenye miamba, vikikuchoma safari imeisha. Na usiende mbali peke yako bila kuuliza maji yanarudi saa ngapi, yakianza kurudi yanajaza mikondo nyuma yako kwanza, unajikuta umesimama kisiwani. Afu mashamba ya watu usikanyage, na usimpige mtu picha ameinama kazini bila kumwamkia na kumwomba.

DENIS: Haya tuje kwenye boti, maana kurudi ndo ilikuwa kazi. Mama alitapika kutoka tunaacha bandari mpaka tunaona Dar.

ZUHURA: Agosti ni kusi, upepo unatoka kusini. Wakati wa kwenda Unguja unakusukuma kwa nyuma, kurudi Dar boti inapigana nao uso kwa uso. Ndo mana watu wanashangaa mbona kwenda ilikuwa shwari. Mlikaa wapi?

DENIS: Mbele, juu, nilitaka aone vizuri.

ZUHURA: Hapo panarushwa kuliko kote. Chini, katikati au nyuma kidogo, hapo boti haichezi sana. Na dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda, kama nusu saa au saa nzima, ukishaanza kutapika umechelewa, na mtu mwenye presha au anayetumia dawa nyingine aulize famasi kwanza asimeze tu. Ale kitu kikavu kidogo, mkate, tangawizi, asikae na njaa wala asishibe chipsi. Na atazame mbali baharini, simu aweke kwenye pochi.

DENIS: Mi naongeza, usipange boti ya mwisho Jumapili na Jumatatu saa mbili uko ofisini. Upepo ukichafuka safari zinaahirishwa, na hutakiwi kubishana na bahari. Rudi Jumapili asubuhi au omba Jumatatu ruhusa. Na Idd, Pasaka na mwisho wa mwaka kata tiketi mapema, ya kwenda na ya kurudi, na ubebe kitambulisho.

ZUHURA: Na mizigo. Bandarini kuna wachukuzi, wanasaidia sana wazee, ila sema bei kwanza kwa adabu, "kaka hili begi shilingi ngapi mpaka ndani", basi. Na mifuko ya nailoni acha nyumbani, Unguja na bara zote imekatazwa.

DENIS: Chumba je? Maana Mji Mkongwe tungelala pale ingekuwa karibu na bandari.

ZUHURA: Ingekuwa karibu sana, na mi napenda mtu alale usiku mmoja mjini kabla ya kukimbilia ufukweni, jioni mkae bustani ya Forodhani pale baharini mle taratibu, chagua kinachochomwa mbele yako, ulizia bei kabla hakijafika kwenye sahani. Ila zile nyumba ngazi zake zimesimama wima, mama wa magoti usimpeleke ghorofa ya tatu. Hili watu hawaulizi! Wanauliza intaneti ipo, kiyoyozi kipo, hawaulizi ngazi ngapi. Omba chumba cha chini, ukikosa nenda nyumba nyingine.

DENIS: Na hela toeni mjini, vijijini usitegemee mashine, na daladala na muuza madafu wanataka noti ndogo.

ZUHURA: Na mavazi, mjini na vijijini funika mabega na magoti, nguo ya kuogea ibaki ufukweni. Ukienda Ramadhani mchana usile wala kunywa barabarani, mikahawa mingi ya kawaida inafungwa, lakini magharibi wallahi hakuna wakati mzuri kama ule, jirani akikuita kwenye futari usikatae.

DENIS: Sasa Zuhura, hili daftari nimekuja nalo kwa sababu moja. Nataka kumrudisha mama. Nipe tarehe.

ZUHURA: Haya fungua kalenda ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Epuka masika, Aprili na Mei mvua tupu. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba bahari ya mashariki inachafuka kidogo ila ndani ya mwamba hakuna shida kwa mtu wa kukaa kwenye kina cha magoti. Tafuta siku inayoangukia tarehe tisa au kumi ya mwezi wa Kiislamu.

DENIS: Hapa... hii Jumamosi ni tarehe tisa.

ZUHURA: Basi nendeni Alhamisi. Usiku mmoja mjini chumba cha chini, halafu Jambiani usiku mbili, Jumamosi saa nne, saa tano asubuhi maji yatakuwa yamejaa. Mwambie aje na khanga mbili, moja ya kuogea.

DENIS: Ya kuogea alishanunua. Aliinunua siku ile ile Darajani, haijaloa mpaka leo.